Kura ya baraza la juu: mwongozo kamili wa kuilinda, kuanzia orodha ya wapiga kura hadi mahakamani

Mwaka 2013 wapiga kura wa Australia Magharibi walichagua maseneta wao, na matokeo yakabanana mno hadi kura zikaamriwa kuhesabiwa upya. Ubishi wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi. Katika hatua moja ya kuwaondoa wagombea walioshika mkia, vyama viwili vidogo vilitofautiana kwa kura 14 tu, na kuondoka kwa kimoja badala ya kingine ndiko kulikoamua viti viwili vya mwisho viende kwa nani. Maboksi yalipofunguliwa kwa hesabu ya pili, karatasi 1,370 hazikuwemo. Zilitafutwa, hazikupatikana. Mahakama ikafuta matokeo, na jimbo zima likarudi vituoni tarehe 5 Aprili 2014.

Uchunguzi haukupata mwizi. Ulichokuta ni uzembe katika kutunza na kusafirisha kura, ule ambao wahenga walishausema: mali bila daftari hupotea bila habari. Naanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi wakisikia "haki na uwazi wa uchaguzi" hufikiria mtu mmoja mwovu mwenye sanduku bandia. Yupo huyo, lakini si kila mahali, na uchaguzi wa baraza la juu, yaani seneti, una mitego yake ambayo uchaguzi wa rais au wa wabunge hauna. Mwongozo huu ni kwa wakala wa mgombea, mwangalizi, mwandishi wa habari, au mwananchi tu anayetaka kujua achunge nini, wapi, na lini.

Hatua ya kwanza: uliza ni nani hasa anayepiga kura

Usianze na siku ya kura. Anza na katiba, na swali moja: seneta huyu anachaguliwa na nani? Majibu ni matatu, na nchi nyingi huyachanganya.

Jibu la kwanza ni wananchi wenyewe. Kenya kila kaunti kati ya 47 huchagua seneta wake kwa kura ya wananchi. Nigeria ina maseneta 109: watatu kila jimbo na mmoja wa eneo la mji mkuu. Ufilipino ina maseneta 24, nusu yao wakichaguliwa kila baada ya miaka mitatu na nchi nzima kama jimbo moja. Australia, Poland na Marekani nazo zimo humu, ingawa Marekani ilijiunga mwaka 1913 tu, baada ya kurekebisha katiba.

Jibu la pili ni wawakilishi wanaopiga kura kwa niaba ya wananchi. India na Pakistan, kazi hiyo ni ya mabaraza ya majimbo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya mabunge ya mikoa. Ufaransa ina wapiga kura wateule wapatao 162,000, wengi mno wakiwa wajumbe wa mabaraza ya manispaa, na asiyefika bila sababu ya maana hutozwa faini. Uholanzi, madiwani wa mikoa huchagua wajumbe 75, tena kura ya diwani mmoja hupimwa kwa idadi ya watu wa mkoa wake, kwa hiyo diwani wa mkoa mkubwa kabisa ana uzito zaidi ya mara sita ya yule wa mkoa mdogo.

Jibu la tatu ni uteuzi. Rwanda ina maseneta 26, na 12 tu ndio wanaochaguliwa kupitia halmashauri za chini. Waliobaki hutoka kwa rais, jukwaa la vyama na vyuo vikuu. Kenya nayo ina viti 20 vya orodha za vyama: wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili.

Kwa nini nang'ang'ania swali hili? Fanya hesabu. Chukua bunge la mkoa lenye wajumbe 40 wanaochagua maseneta wanne kwa mfumo wa uwiano. Gawanya 40 kwa tano (idadi ya viti ukiongeza kimoja), kisha ongeza moja: kura tisa zinatosha kumpa mtu kiti. Watu tisa tu, na majina yao yanajulikana, simu zao zinajulikana, madeni yao pengine yanajulikana. Sasa chukua kaunti au jimbo lenye wapiga kura laki tano. Kuwahonga kwa idadi ya kutosha ni kazi kubwa na yenye kelele. Ni rahisi zaidi kumpata karani mmoja abadilishe tarakimu kwenye fomu. Penye wapiga kura wachache hatari inamfuata mtu, penye wengi inaifuata karatasi. Ukilijua hilo mapema hutapoteza nguvu zako kulinda mlango usiofaa.

Marekani ilijifunza kwa maumivu. Enzi ambapo mabunge ya majimbo ndiyo yaliyochagua maseneta, William Lorimer wa Illinois alikalia kiti kwa miaka mitatu kabla ya Seneti kufuta uchaguzi wake mwaka 1912 kwa sababu ya hongo. Na Delaware, wajumbe walikwama wasielewane hadi jimbo likakosa seneta hata mmoja kati ya 1901 na 1903. Karne moja baadaye, Machi 2019, malalamiko kwamba kura za wabunge wa mikoa zilinunuliwa Kongo yalipamba moto kiasi kwamba Rais Félix Tshisekedi alisimamisha kwa muda kuanza kazi kwa maseneta wapya.

Hatua ya pili: kagua uwanja kabla timu hazijaingia

Hapa nitapita haraka, ingawa mambo yenyewe si madogo.

Kwanza mgawanyo wa viti. Mabaraza ya juu mengi yameundwa yawe na usawa wa maeneo badala ya usawa wa watu, na hilo si wizi. Ni makubaliano ya kikatiba. Lakini yana mpaka. Japani, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2012 kwamba uchaguzi wa 2010 ulifanyika katika hali isiyopatana na katiba, kwa kuwa kura katika eneo moja ilikuwa na uzito wa takriban mara tano ya kura katika eneo jingine. Baadaye baadhi ya wilaya zikaunganishwa. Andika uwiano wa kwenu, eneo kubwa kwa dogo, uwe nao mkononi.

Pili, orodha za uteuzi wa vyama. Pata nakala ya orodha siku inapowasilishwa tume ya uchaguzi, si siku inapochapishwa. Ukilinganisha orodha mbili na kukuta aliyekuwa wa pili ameshuka hadi wa saba, una swali la kuuliza.

Tatu, wagombea wa kusindikiza. Chaguzi za Somalia, ambako maseneta 54 wamekuwa wakichaguliwa na mabaraza ya majimbo, zimezalisha neno lake: *malxiis*, yaani mpambe wa bwana harusi. Ni mgombea anayesimamishwa ili kiti kionekane kina ushindani, huku kila mtu akijua nani anaoa. Dalili zake ni fomu iliyowasilishwa dakika za mwisho, hakuna kampeni, na mgombea anayejitoa kwa hotuba ya shukrani kwa mpinzani wake.

Hatua ya tatu: pata orodha ya wapiga kura, jina kwa jina

Kwenye uchaguzi wa wananchi, hili ni daftari la wapiga kura, na kazi yake inajulikana: waliokufa, waliojiandikisha mara mbili, vituo vilivyovimba ghafla.

Kwenye uchaguzi wa wawakilishi, wengi huiruka hatua hii kwa kudhani kila mtu anawajua wajumbe. Ni kosa. Andika orodha yako mwenyewe, mjumbe mmoja mmoja, halafu weka alama kwa wafuatao: aliyefariki na kiti hakijajazwa, aliyesimamishwa na chama, mwenye kesi inayosubiri hukumu, aliye gerezani au hospitalini, na aliyeapishwa wiki chache zilizopita. Kila mmoja wa hawa ni kura inayoweza kuongezwa au kutolewa kwa barua moja ya ofisi. Uliza tume kwa maandishi, kabla ya siku: je, fulani ana haki ya kupiga kura? Jibu la maandishi la kabla lina thamani kuliko kelele za baada.

Hatua ya nne: siri, pesa, na mahali vinapokutana

Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo nitakaa.

Tumezoea kusema kura ni siri, basi. Kwa mwananchi wa kawaida hiyo ni kweli isiyo na mjadala: siri inamlinda dhidi ya mwajiri, mume, chifu na mgawa pesa. Lakini mjumbe wa bunge la mkoa anapomchagua seneta, hapigi kura yake binafsi. Anapiga kura ya waliomtuma. Je, hao hawana haki ya kujua?

Nchi mbili jirani zimejibu kinyume. India, baada ya miaka ya wajumbe kuuza kura, ilibadili sheria mwaka 2003: mjumbe wa jimbo akishaweka alama zake, anamwonyesha wakala aliyeidhinishwa wa chama chake kabla ya kutumbukiza. Mahakama ya Juu ikabariki utaratibu huo mwaka 2006. Pakistan, Mahakama ya Juu ilipoulizwa mwaka 2021, ikasema kura ya Seneti inabaki ya siri kama katiba inavyotaka, ingawa siri hiyo si ya milele wala si kamili. Na hii ilikuwa wiki chache baada ya kusambaa kwa video iliyowaonyesha wajumbe wa jimbo wakipokea mafungu ya noti kabla ya uchaguzi wa Seneti wa 2018.

Maoni yangu: utaratibu wa India unazuia mnunuzi wa nje, lakini unamkabidhi mjumbe kwa bosi wa chama. Kura ile ni wazi kwa chama, si kwa wananchi. Mpiga kura wa kijijini hajui zaidi ya alivyojua mwanzo, ila katibu wa chama sasa anajua kila kitu. Kama nia ni uwajibikaji, orodha ya nani alimpigia nani ingechapishwa kwa wote. Kama nia ni uhuru wa mjumbe, basi siri iwe siri kweli. Nusu kwa nusu humnufaisha aliye katikati.

Kwa hiyo kabla ya kudai "uwazi", jua unadai uwazi wa kitu gani. Hesabu, fomu, fedha, orodha: hivyo viwe wazi daima. Alama ya mtu mmoja kwenye karatasi yake ni swali jingine.

Kama kwenu kura ni ya siri, mnunuzi ana tatizo moja: atajuaje kwamba aliyemlipa alitimiza? Mkono mtupu haulambwi, lakini mkono uliojaa nao unataka risiti. Kazi yako ni kuhakikisha risiti hiyo haipatikani. Zijue njia zake.

Picha ya simu ndiyo inayojulikana zaidi. Simu zibaki nje, na katazo liwe kwa wote, mawaziri wakiwemo. Kamera iliyofichwa ni ya pili: Machi 2021, asubuhi ya kumchagua mwenyekiti wa Seneti ya Pakistan, maseneta wa upinzani walikuta kamera zimepachikwa mahali pa kupigia kura. Kagua kile kibanda wewe mwenyewe, juu, chini na pembeni, dakika kumi kabla ya kuanza, na ukague tena baada ya mapumziko. Karatasi inayozunguka ni ya tatu: mjumbe wa kwanza anatoka na karatasi tupu mfukoni, mnunuzi anaijaza, wa pili anaiingiza na kutoka na tupu yake, na mduara unaendelea. Dawa yake ni kuhesabu karatasi zilizotolewa na zilizotumbukizwa baada ya kila mpiga kura, jambo linalowezekana kabisa pakiwa na watu 40.

Ya nne ndiyo watu hawaijui. Pale ambapo mpiga kura anapanga wagombea kwa namba, moja, mbili, tatu hadi mwisho, mpangilio wenyewe unaweza kuwa saini. Wagombea kumi wanaweza kupangwa kwa njia 3,628,800. Mnunuzi anamwambia mjumbe: mpe mtu wangu namba moja, kisha panga waliobaki hivi, 7, 3, 9, 2, na kuendelea. Kila mjumbe anapewa mpangilio wake. Kura zinapohesabiwa hadharani, wakala wa mnunuzi anakaa na daftari lake, anasikia mipangilio ikisomwa, anaweka alama ya vema. Hakuna simu, hakuna kamera. Ndiyo maana kwenye wapiga kura wachache haifai kusoma kila karatasi kwa sauti hadi namba ya mwisho, wala kuchapisha mipangilio yote kwenye mtandao. Australia huchapisha mipangilio ya kura za Seneti nchi nzima, na ni jambo jema kwa mamilioni ya kura. Ukilifanya kwa kura 40 umemwandikia mnunuzi risiti zake.

Pesa yenyewe hutaiona siku ya kura. Itafute wiki mbili nyuma. Wajumbe wanapohamishwa kwa pamoja kwenda kukaa hotelini "kwa semina", uliza nani analipa. Mwaka 2017 chama kimoja India kiliwasafirisha wajumbe wake zaidi ya 40 kutoka jimbo la Gujarat hadi hoteli ya mapumziko karibu na Bengaluru, kwa hoja kwamba kinawakinga wasinunuliwe. Pengine kweli. Lakini mbuzi aliyefungwa kamba shingoni hawezi kusema kama anakingwa au anashikiliwa.

Hatua ya tano: ndani ya chumba cha kupigia kura

Kura zinazokataliwa ni silaha ya kimya, hasa kura zikiwa chache. Soma kanuni za kura batili mpaka uzijue kwa moyo, kwa sababu aliyezisoma usiku uliopita humshinda aliyekuja na hasira.

Kisa cha Gujarat hicho hicho, Agosti 2017. Kura 176 zilipigwa kwa viti vitatu. Kwa hesabu ya kawaida, mtu alihitaji kura 45. Wajumbe wawili wakawaonyesha karatasi zao watu ambao hawakuwa mawakala wa chama chao. Mawakala walilalamika papo hapo, wakataka video iangaliwe, na usiku tume ikazifuta kura zile mbili. Zikabaki 174, kiwango cha ushindi kikashuka hadi 44, na mgombea Ahmed Patel akashinda kwa kura 44 kamili. Kiti kiliamuliwa na watu waliojua kanuni na kuitaja kwa wakati.

Kalamu nayo si kitu kidogo. Mwaka 2016, jimboni Haryana, India, kura zaidi ya kumi zilikataliwa kwa sababu ziliandikwa kwa wino usio wa kalamu iliyoruhusiwa. Uholanzi mwaka 2011 diwani mmoja alitumia kalamu ya bluu badala ya nyekundu, kura yake ikawa batili. Na katika ule uchaguzi wa mwenyekiti wa Seneti ya Pakistan, kura saba za mgombea mmoja zilikataliwa kwa kuwa muhuri ulipigwa juu ya jina lake. Alipata 42, mwenzake 48. Ongeza saba kwenye 42 uone.

Kwa hiyo, asubuhi, mbele ya mawakala wote, mwombe msimamizi aonyeshe mfano wa kura halali na wa kura batili, na aandike kwenye kumbukumbu kwamba ameonyesha. Kalamu iwe moja, ya chumbani. Ubishi kuhusu karatasi yoyote usuluhishwe kabla jumla haijatajwa. Ukisubiri hadi ujulikane nani anaongoza, hakuna tena anayeangalia karatasi, wote wanaangalia kiti.

Hatua ya sita: fomu ya kituo

Sasa turudi kwa wapiga kura wengi. Tuseme fomu iliyobandikwa mlangoni inasema hivi. Walioandikishwa 612. Karatasi zilizopokelewa 650, zilizobaki 161, zilizoharibika na kubadilishwa 2. Wagombea wanne: 211, 164, 88 na 15. Zilizokataliwa 9.

Jumlisha mwenyewe. Wagombea wanafika 478, ongeza 9, unapata 487. Karatasi: 650 ukitoa 161 na 2, unapata 487. Zinakubaliana, na 487 haizidi 612. Fomu hii ni safi kwa hesabu. Piga picha, namba ya kituo ionekane, saini zionekane, kisha nakili tarakimu kwa mkono, maana picha ya usiku hudanganya kati ya 1 na 7.

Saa tano baadaye, kituo cha kujumlisha kura, unasikia kituo hicho hicho kikisomwa: 111, 264, 88, 15. Jumlisha: 478. Ajabu, jumla ni ile ile! Mia moja zimetoka kwa wa kwanza zikaenda kwa wa pili, na hakuna hesabu ya jumla itakayolia. Ufilipino wana jina la mchezo huu, *dagdag-bawas*, ongeza na punguza. Kinachoukamata ni kimoja tu: fomu ya kituo mkononi mwako, ikilinganishwa mstari kwa mstari. Ndiyo maana wakala mwenye nakala moja ni bora kuliko wakala kumi wenye sauti.

Ongeza kipimo kingine pale chaguzi kadhaa zinapofanyika siku moja. Mpiga kura aliyepewa karatasi ya rais alipewa na ya seneta. Jumla mbili hizo za kituo hazitalingana sawasawa, lakini zikipishana kwa mamia, ama karatasi zimepotea ama tarakimu imepinda.

Na hapa neno la pembeni kwa vyama: kura ya urais ikishahesabiwa, mawakala huwa wamechoka, wana njaa, nao huondoka. Kura ya useneta huhesabiwa mbele ya viti vitupu. Panga zamu mbili. Aliyelala mchana ndiye wa usiku.

Kupandisha picha za fomu mtandaoni kunasaidia sana, ila jua kisheria picha hizo ni nini. Nigeria, tarehe 25 Februari 2023, fomu za Seneti na Baraza la Wawakilishi zilikuwa zikipanda kwenye mtandao wa tume huku za urais zikikwama. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, ikasema mtandao ule ni wa kutazamia matokeo, si mfumo wa kuyajumlisha. Yaani picha inakuonyesha, lakini kinachotangaza mshindi ni karatasi iliyosafiri. Ifuate karatasi.

Hatua ya saba: pale kura zinapohama

Mfumo wa kura inayohamishika hutumika Australia, Ireland, India na Pakistan, na unawatisha watu bila sababu kubwa. Viti vitatu, kura 1,200: gawanya kwa nne, ongeza moja, kiwango cha ushindi ni 301. Mgombea aliyepata 420 amepita na ana ziada ya 119. Ziada hiyo inahamia kwa chaguo la pili la wapiga kura wake. Swali ni namna gani. Kuna sheria zinazochukua karatasi 119 kati ya zile 420. Nyingine huhamisha zote 420, kila moja ikiwa na thamani ya 119 kwa 420, kama 0.283 hivi. Njia ya kwanza inategemea karatasi zipi zimeshikwa, na pakiwa na mbanano inaweza kutoa mshindi tofauti. Ijue njia ya kwenu kabla.

Zamani Australia vyama vilikuwa vikiwasilisha mpangilio mzima kwa niaba ya mpiga kura aliyeweka alama moja tu. Vyama vidogo vikabadilishana kura gizani, na mwaka 2013 Ricky Muir akaingia Seneti kwa asilimia 0.51 ya kura za chaguo la kwanza. Sheria ilikuwa wazi, imechapishwa, kila mtu angeweza kuisoma. Ila mpiga kura hakujua kura yake ilipolala. Utaratibu ule ulifutwa mwaka 2016.

Karatasi zikisomwa na mashine na hesabu kufanywa na programu, dai jambo moja linaloeleweka na kila mtu: zichukuliwe karatasi chache kwa bahati nasibu, mbele ya mawakala, zilinganishwe na kilichoandikwa kwenye kompyuta. Mwaka 2021 Australia iliingiza ukaguzi wa namna hii kwenye sheria ya kuhesabu kura za Seneti. Ukijibiwa kwamba programu ilishakaguliwa na wataalamu, shukuru, kisha uombe karatasi.

Hatua ya nane: baada ya kutangazwa

Muda ni mfupi kuliko unavyodhani. Kenya una siku 28 tangu matokeo kutangazwa kufungua kesi ya kiti cha seneta, na Mahakama Kuu ina miezi sita kuimaliza. Nigeria ni siku 21 za kufungua na siku 180 za hukumu. Ukitumia wiki mbili za kwanza kwenye mikutano ya waandishi wa habari, umekula zaidi ya nusu ya muda wa Nigeria.

Siku ya kwanza, peleka barua ya kuomba maboksi, lakiri, daftari la wapiga kura lenye alama za waliofika na video visifunguliwe wala kuharibiwa. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku ya pili na ya tatu, panga fomu zako kwa mpangilio wa vituo na utengeneze jedwali lenye nguzo tatu tu: kituo kilisema nini, ukumbi wa kujumlisha ulisema nini, tofauti ni ngapi. Kisha jumlisha tofauti hizo na uiweke kando ya pengo la ushindi. Katika nchi nyingi hakimu atauliza kama kasoro ziligusa matokeo. Australia Magharibi jibu lilikuwa rahisi: karatasi 1,370 zilizopotea kando ya pengo la 14. Kama una tofauti 300 na pengo ni 40,000, una hoja ya kurekebisha utaratibu, huna kiti.

Na kama una kiti, jiandae kwa safari. Ufilipino mwaka 2007, nafasi ya 12 na ya mwisho ya Seneti ilikwenda kwa Juan Miguel Zubiri. Aquilino Pimentel III akapinga, akitaja kura za mkoa wa Maguindanao. Zubiri alijiuzulu Agosti 2011 huku akikana kuhusika na udanganyifu, na mwezi huo huo Pimentel akatangazwa mshindi halali. Muhula wenyewe ulikuwa wa miaka sita, ukiisha 2013. Alibakiwa na chini ya miwili.